Sura ya Odiel Kwenye Kadi

Jumanne, 4 Novemba

Nimedhalilishwa mbele ya watu tisa na sahani ya biskuti za mdalasini.

Klabu ya picha, saa moja na nusu jioni, chumba cha juu cha ukumbi wa parokia. Nilipeleka picha yangu ya kikanisa cha shambani. Kazi ya wiki tatu. Kanuni yetu ni ile ile: mwenye picha hatajwi, na haruhusiwi kufungua mdomo. Wengine wanataja mambo mawili mazuri kwanza, halafu moja la kurekebisha, nalo lazima liwe la kushikika. Wilfried, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu, anapima dakika tatu kwa saa ya jikoni ya kuchemshia mayai. Ikilia, unanyamaza hata kama uko katikati ya neno.

Ingeborg akaanza. Huyu ni msaidizi wa daktari wa meno. Ana miaka miwili tu klabuni; mimi nina kumi na tisa. Akasifu mstari wa ua. Akasifu matofali. Kisha, kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba jino ni la kung'oa, akasema kivuli cha kanisa kinaonyesha jua liko kushoto, lakini mawingu yanaangazwa kutoka kulia. Huenda mbingu hiyo imetoka kwingine.

Imetoka kwenye picha yangu ya Tenerife. Likizo ya mwaka 2017. Yeye inamhusu nini?

Wote wakanitazama mimi, ingawa mwenye picha hatajwi. Masikio yangu huwa yananisaliti.

Mwishoni Odiel akasimama. Odiel ni rafiki yangu wa miaka thelathini na moja. Tulipanga barua pamoja posta mpaka tukastaafu, na yeye ndiye aliyenileta klabuni. Ana saratani ya kongosho. Daktari amesema Krismasi akiiona itakuwa bahati. Amekonda, macho yameingia umanjano, lakini sauti bado ile ya kuita majina ya mitaa. Akasema ana ombi. Siku ya maziko yake kila atakayekuja kanisani atapewa kadi yenye picha yake na sala, kama kawaida. Anataka picha hiyo tuipige sisi, na ichaguliwe hapa hapa, kwa kanuni zetu, naye akiwepo anasikiliza. Akasema, "Nimezisema picha zenu miaka ishirini na mbili. Sasa nisemeni mimi, maana baadaye sitasikia."

Aliyecheka ni yeye peke yake.

Mkewe Godelieve alikuwa amemsindikiza. Alikaa karibu na mlango, koti mwilini. Akasema yeye mambo ya mwanga hayajui. Wengine watachukua kadi, wataitia kwenye droo, yameisha. Yeye ndiye atakayeishi nayo. Kwa hiyo tafadhali, awe Odiel, basi, hana ombi jingine.

Kadi mia nne. Mia nne! Picha yangu iliyowahi kutundikwa ni moja tu, maktabani, kwenye ukuta wa kuelekea msalani. Mungu anisamehe, hilo ndilo lililonijia kwanza.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda kwa Odiel na taa tatu, miavuli miwili ya taa na kitambaa cheusi cha kuweka nyuma. Taa ya tatu ikakata umeme wa nyumba nzima. Godelieve akashuka chini kuwasha swichi, hakunung'unika, akarudi na kahawa na kipande cha keki ya wali wa maziwa. Mwanamke wa dhahabu.

Ingeborg alipita jana. Kamera ndogo moja, taa hana. Godelieve anasema alikaa saa tatu nzima na akapiga picha kumi na moja. Muda uliobaki alimsaidia kumenya viazi. Mimi nimepiga mia nne na kumi na mbili kwa dakika hamsini. Tutaona nani ni mpiga picha na nani ni mmenya viazi.

Tangu kiharusi cha miaka mitatu iliyopita, uso wa Odiel umelegea upande wa kushoto. Kope inashuka, kona ya mdomo inavuja kidogo. Godelieve hukaa upande huo mezani. Hampangusi kama mgonjwa. Mkono unakwenda wenyewe huku yeye anasimulia habari za jirani na mbwa wake. Nikamwomba asogee kidogo. Mkono wake ulikuwa unaniingilia kwenye fremu.

Odiel akaniambia, "Firmin, usinioshe. Nakujua, bwana. Ukishaishika ile kompyuta yako nitatoka kijana wa komunyo ya kwanza." Nikaapa kwamba sitamwosha. Alikuwa amechoka. Akageuza macho pembeni, dirishani, akasahau kuwa nipo. Hapo nikabonyeza. Nilijua papo hapo kwamba hiyo ndiyo.

Naandika bila majigambo. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimemwosha kidogo. Kidogo tu. Nikafuta umanjano wa macho. Nikapunguza makunyanzi ya shingo. Shingo ikawa changa kuliko paji la uso, ikabidi nipunguze na ya paji. Meno nayo yakabaki nyuma, nikayashughulikia. Dada yangu Zulma, ninayekaa naye, akapita na kikapu cha nguo akauliza kama yule ni mtangazaji wa hali ya hewa.

Nikarudisha vyote. Kila kunyanzi mahali pake. Ahadi ni ahadi.

Lakini lipo jambo moja la kitaalamu. Kwenye kadi picha hukaa kushoto na sala kulia. Odiel wangu anatazama kushoto. Yaani anatazama nje ya kadi, ameipa sala kisogo, mtu aliyechoka kusubiri basi. Jaji yeyote wa mashindano ya jimbo angekata alama. Mtu anatakiwa atazame ndani. Kwa hiyo nimeigeuza, kushoto ikawa kulia, jinsi kioo kinavyofanya. Kitufe kimoja. Sasa anaitazama sala yake kwa heshima zote. Kope iliyolegea imehamia upande wa pili, na njia ya nywele pia. Mambo hayo nani anayakumbuka?

Nyuma ya kila picha tunabandika karatasi ya kutaja marekebisho yaliyofanywa. Nimeandika: hakuna. Kuosha, sikumwosha.

Jumatatu, 10 Novemba

Ingeborg ametutumia rasimu yake, anataka maoni kabla ya siku yenyewe. Ndivyo alivyo. Anaomba kukosolewa jinsi wengine wanavyoomba chumvi mezani.

Odiel yuko kwenye meza ya jikoni, anacheka kwa nusu ya mdomo. Na pembeni, kutoka nje ya fremu, kinaingia kiganja kimeshika kitambaa, kimekatwa kwenye kifundo. Kosa la mwanafunzi. Kitu cha kwanza ambacho ningemwambia ni kwamba aukate huo mkono.

Kwa hiyo nimemwandikia auache. Kwa kufuata kanuni! Mawili mazuri kwanza: mwanga wa dirisha, na kicheko. Kisha la kurekebisha: mkono usiukate, tena uongezee mwanga kidogo, na nyuma pafifie ili jicho liende kwenye mkono. Wilfried hawezi kuvumilia viungo vilivyokatwa. Aliwahi kumtoa mtu machozi kwa ajili ya kiwiko. Atamla mzima mzima.

Amejibu baada ya dakika kumi. Amesema alikuwa karibu kuukata, na kwamba haya ndiyo maoni bora aliyowahi kupewa klabuni. Nimecheka mpaka Zulma akaja kuuliza kulikoni. Nilipomweleza hakucheka. Akasema njia ya mwongo ni fupi, akarudi kwenye pasi yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Kikao maalumu. Saa nane mchana, kwa sababu jioni Odiel hana nguvu tena. Alikuja kwa kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Aliomba ile saa ya mayai aishike yeye.

Picha nne. Ya kwanza aliipiga Wilfried mwenyewe. Watu wakasifu rangi, wakasifu kola ya shati. Kisha mtu akasema pua inavuta jicho mno, ingepunguzwa mwanga. Odiel akajibu kwamba pua ni ya mama yake, malalamiko yapelekwe makaburini, mstari wa tatu. Ya pili ilitoka ukungu mtupu. Tuliisifu fremu.

Ya tatu ilikuwa ya Ingeborg. Mkono ule, sasa una mwanga. Nikajiweka sawa kitini nimtazame Wilfried. Wilfried akavua miwani. Hakuna aliyesema kitu. Dakika tatu zikaenda zenyewe, saa ikalia mapajani mwa Odiel. Godelieve akasema, "Huyo hapo." Akatafuta leso.

Maoni yangu hayo! Mkono ule ni wangu mimi, na siwezi hata kuudai.

Ya nne, yangu. Wakasifu mwanga, wakasifu macho. Zamu ya Ingeborg ilipofika alitaja mazuri mawili, halafu akasema la kurekebisha hana. Nilitafuta kejeli ndani yake, sikuiona. Nikazidi kumchukia.

Odiel akaomba asogezwe karibu na skrini. Akaitazama muda mrefu. Akasema, "Huyu namjua. Huyu ndiye ninayemnyoa kila asubuhi." Akaichagua hiyo.

Katika chumba kile nilielewa mimi peke yangu. Mtu uso wake mwenyewe anauona kiooni tu, basi. Nimempa Odiel sura anayoijua yeye, na ambayo hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuiona.

Godelieve akainuka, akaja mpaka mbele. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Akasema kuna kitu. Wilfried, kwa upole wote, akamkumbusha kanuni: mazuri mawili, kisha kasoro ya kushikika. Kusema tu kuna kitu si maoni ya kujenga. Basi akajaribu, maskini. Akasema mwanga ni mzuri. Akasema koti limenyooka, alilipiga pasi mwenyewe. Kisha akanyanyua mkono kuelekea shavu lile la kwenye skrini, mkono ukabaki hewani, haukujua uende wapi.

Nikamsaidia. Kanuni ilinikataza kusema, lakini hakuna aliyenikumbusha. Nikamuuliza, shemeji, ni rangi? Ni ukubwa? Au ni mwanga wa nyuma? Akajibu hapana, hapana, hapana. Saa ikalia. Akasema haya basi, uso ni wake, achague mwenyewe. Akarudi kukaa karibu na mlango.

Nimeshinda.

Alhamisi, 20 Novemba

Odiel hatoki tena kitandani. Aliomba tuachwe wawili. Akasema anataka kunipa maoni ya mwisho na kwamba nisimkatize, maana saa ya mayai hana.

Mazuri mawili: kwamba nina jicho, na kwamba kwa miaka kumi na tisa sijakosa kikao hata kimoja, hata nilipojua nitaumizwa. La kurekebisha: huwa naona kitu cha kweli, kisha nakiogopa, nakifunika kwa mbingu ya mahali pengine. "Ile yangu hukuifunika," akasema. "Hiyo ndiyo picha yako ya kwanza, Firmin."

Kisha akauliza kama kweli sikuifanya kitu chochote. Nikasema sikuifanya kitu. Akasema vizuri, kwa sababu Godelieve ndiye atakayebaki nayo. Akafumba macho, moja lote, jingine nusu.

Nilisimama nje mvuani mpaka koti likalowa ndani. Nilijiona mtu mbaya, naandika hivyo hivyo. Nilipofika nyumbani nikafungua kompyuta. Picha inatakiwa kiwanda cha chapa kesho kabla ya saa sita. Muda wa kuirudisha ilivyokuwa ulikuwepo, tele. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Lakini hapo angekuwa anatazama nje ya kadi, tena mara mia nne.

Nimeituma ilivyo. Nakala moja nimeipeleka mashindano ya jimbo, Brugge, kundi la picha za sura. Ningekuwa mjinga kutoipeleka.

Jumatatu, 24 Novemba

Odiel amefariki jana asubuhi. Nilimpenda. Sikuwa na mwingine wa kumpenda hivyo, ukimwondoa Zulma, ambaye ni lazima. Zulma ameoka chikori, mboga ile chungu, kwa jibini. Sikuweza kula.

Jumamosi, 29 Novemba

Kanisa lilijaa mpaka milangoni. Wakati wa sadaka watu walipanga mstari hadi mbele, wakarudi kila mmoja na kadi yake. Odiel mia nne, wote wanaitazama sala. Nilichagua kiti cha pembeni njiani nipate kusikia maoni. Mama wa duka la nyuzi akasema maskini, ugonjwa ulimbadilisha. Mzee nyuma yake akasema ni yeye, ila sijui. Mwingine akasema kifo ndivyo kinavyomfanya mtu. Hakuna hata moja la kushikika.

Baadaye ukumbini, kahawa na mikate midogo ya jibini. Godelieve akaja kuketi karibu yangu. Kadi ilikuwa kiganjani, imeanza kulainika kwa jasho. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, nimeanza kumsahau. Siku sita tu. Namtazama hapa, simwoni. Miaka arobaini na nne nimelala na uso ule, siku sita zimetosha kunipotea. Mimi ni mke gani?"

Picha halisi ilikuwa mfukoni mwangu, kwenye simu. Ilihitajika sentensi moja. Lakini Wilfried alikuwa meza ya pili, na karatasi yangu imeandikwa hakuna, kwa mkono wangu, na sahihi.

Nikamwambia huzuni ndivyo ilivyo, hufifisha. Nikamshauri aishike kadi mbali kidogo na macho. Akaishika mbali. Akanyoosha mkono wote, anakunja uso, anatafuta. Nikaangalia sahani yangu. Nilikula mikate mitatu.

Jumatano, 3 Desemba

Barua kutoka Brugge. Picha imekubaliwa! Itatundikwa kwenye maonyesho ya jimbo kuanzia Januari, ukutani hasa, si karibu na choo. Ingeborg hakupeleka ya kwake. Alimpa Godelieve, akasema ile ni ya nyumbani, haikuwa ya majaji. Nilimuuliza Godelieve ameiweka wapi. Amesema iko kabatini, imegeuzwa kifudifudi. Mkono wake mwenyewe ndani yake unamuua, hawezi kuutazama bado.

Nimefungua mvinyo. Zulma hakutaka kuonja.

Jumanne, 9 Desemba

Godelieve ameniita. Kadi ameisimamisha koridoni, kwenye rafu ya kofia. Upande wa sala ameukunja nyuma ibaki sura tu. Mkabala kuna kioo kidogo cha kufungia skafu.

Alinieleza huku anaona haya. Jumapili alikuwa anafunga skafu aende kanisani, akainua macho, na Odiel alikuwa kiooni, nyuma ya bega lake. Mwenyewe. Kope upande wake, mdomo upande wake. Akageuka, akamkuta yule mgeni wa kwenye kadi. Akarudi kiooni, akamwona mumewe. Tangu siku hiyo kahawa anainywea pale koridoni, amesimama, amempa mgongo ili apate kumwona. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayejua picha, shemeji. Hii ni nini? Au ndio naingia wazimu?"

Nilifungua mdomo. Nakiri kwamba niliufungua. Halafu nikafikiria Januari, na ule ukuta wa Brugge.

Nikamwambia ni taa ya koridoni. Mwanga wa manjano hufanya hivyo wakati mwingine. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema afadhali amemuuliza mtaalamu.

Jumamosi, 13 Desemba

Dhamiri imenisumbua siku nne. Mtu akiharibu lazima atengeneze, hiyo ni imani yangu tangu utoto. Mwanamke wa miaka sabini na moja hawezi kunywa kahawa amesimama koridoni majira yote ya baridi.

Kwa hiyo nimempelekea kioo kipya. Kikubwa, urefu wa mtu. Nimekibeba begani kwenye upepo, barabara nzima, mara mbili nusura nianguke nacho. Nikakifunga mwenyewe sebuleni mkabala na kiti chake, na kadi nikaipigilia kwenye ukuta wa nyuma ya kiti. Nikamwambia aketi.

Akaketi. Akatazama mbele. Akalia muda mrefu, kisha akanishika mkono kwa mikono miwili. Alisema hakuna aliyemwelewa katika msiba huu ila mimi. Alisema siku yake ikifika, picha ya kadi nimpige mimi, asipige mtu mwingine, na ameshaandika hivyo kwenye karatasi atakayoacha.

Ingeborg hakuombwa. Ningetamani Odiel angekuwepo asikie.

Nilikaa naye mpaka machozi yalipokauka, nikapata nafasi ya kumchunguza kwa utulivu. Uso mzuri, mifupa mizuri, nywele zinashika mwanga. Ana tabia ya kutazama kushoto, lakini hilo linarekebishika.